Kilomita Thelathini na Nane za Kosele

Kosele, 14 Julai 2024

Abti Noordin,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai wewe na Anti Kultum mko wazima na duka linaenda. Sisi huku tuko sawa. Mama anakusalimu kisha anakulaumu, anasema Migori si Marekani, ndugu wa tumbo moja anaweza kuja Homa Bay hata mara moja kwa mwaka akamwona dada yake. Baba mguu bado unamsumbua lakini dukani haachi kwenda. Dada yangu Mulki amemaliza mitihani na sasa kazi yake ni kuringa.

Usishangae kupata barua. Kocha Motari amekusanya simu zetu zote akazifungia kwenye sanduku la bati, ati simu ndizo zinazoharibu wakimbiaji wa siku hizi. Kalamu hakukataza. Barua hii inakuja ndani ya katoni ya bidhaa anayokutumia Baba, nawe unijibu kwa katoni utakayorudisha.

Tuko kumi na mmoja kambini. Wengine wetu tunakimbia kwa sababu tunapenda, lakini kuna mmoja anayekimbia kwa maisha yake. Anaitwa Risper, baba yake ni Mzee Barnabas, mkulima wa hapa hapa Kosele. Tarehe moja Desemba kuna mbio Kisumu, kilomita arobaini na mbili, na klabu moja ya Nairobi itatuma watu kuangalia. Msichana atakayemaliza chini ya saa mbili na dakika hamsini wanamchukua: malazi, kocha, mpaka karo ya chuo. Baba yake amempa hadi siku hiyo. Ikishindikana, anarudi kulima. Kocha amesema mimi ndiye nitakayemwongozea mwendo siku ya mbio, nikae mbele yake hatua mbili.

Sasa swali. Kocha anatufundisha kwa muda tu. "Leo saa mbili na nusu," anasema, basi. Hakuna anayejua amekimbia kilomita ngapi. Nataka saa. Mulki anasema nichukue saa janja kama yake. Wenzangu wanasema saa ya michezo. Wewe ndiye unajua vitu hivi, nishauri.

Mpwa wako,
Abdikarim


Migori, 22 Julai 2024

Abti wangu, mtoto wa dada yangu Shamima,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mwambie mama yako nitakuja, ila nikifunga duka siku mbili watu wa Migori watadhani nimekufa. Anti Kultum anakuombea dua, anasema pia unakula kidogo.

Umeuliza mtu sahihi. Unajua hapa mjini hawaniiti Noordin peke yake, wananiita Noordin Original, na hilo jina sikujipa. Miaka kumi na tisa hakuna aliyerudisha kitu kwangu akisema ni feki.

Sikiliza. Saa janja ni simu iliyofungwa mkononi. Inapendeza, inakuonyesha nani amekupigia na nani amekutumia picha ya chakula. Lakini jasho likiingia kwenye skrini, unagusa hapa inafunguka pale. Juani huisomi. Chaji ni kila siku. Halafu nyingi za watu wa kawaida hazina GPS ndani yake, zinategemea simu iliyo mfukoni, na yako iko kwenye sanduku la Motari! Saa ya michezo haina maringo. Ina vitufe vitano, unabonyeza hata vidole vikiwa na matope. Inaongea na setilaiti yenyewe, inapima mapigo ya moyo, inakuambia kila kilomita umeimaliza kwa dakika ngapi, na chaji inakaa wiki. Anayetembea jioni kupunguza kitambi, mpe saa janja. Anayekimbia kwa muda wa saa tatu, mpe saa ya michezo. Ya Mulki ni ya kupigia picha.

Nimekutumia moja humu kwenye katoni. Usiniulize bei, ni zawadi. Ni ya mzigo mpya wa Nyamweya wa Isebania, anayeniuzia kwa jumla. Boksi lake halikuja, lakini nimeishika kwa mkono wangu huu, ni original. Iamini hiyo, usiamini kingine chochote.

Na huyo msichana mwongoze vizuri. Mtoto wa mtu ni amana.

Mjomba wako,
Noordin


Kosele, 1 Septemba 2024

Abti Noordin,

Assalaam alaykum. Wote nyumbani wazima, Baba amepata dawa mpya ya mguu, Mama bado anakungoja.

Wallahi Abti, ile saa ni moto! Siku ya kwanza wenzangu walipanga foleni kuishika kama mtoto mchanga. Kocha alijifanya haoni, siku ya tatu akaja mwenyewe: "Abdikarim, hebu niambie leo tumefanya ngapi." Sasa ameacha mambo ya muda kabisa. Ni kilomita, na kilomita ziko mkononi mwangu. Nikisema tumefika, watu kumi wanasimama.

Tuna njia yetu ya Jumamosi, kutoka kambini hadi darajani, tunazunguka shule, tunarudi, mara mbili. Tulikuwa tunaiita tu "ile ndefu". Kumbe ni kilomita thelathini na nane! Juzi tumeimaliza kwa saa mbili na dakika thelathini. Risper hakuwa amechoka hata. Kocha alipiga hesabu mchangani kwa kijiti, akasema kwa mwendo huu klabu ya Nairobi inampata mtu wake. Risper alifunika uso kwa mikono miwili. Baadaye alikuja kunishukuru, nikamwambia amshukuru mjomba wangu.

Nijibu upesi.

Abdikarim


Migori, 30 Septemba 2024

Abti wangu,

Waalaykum salaam. Nimechelewa, nisamehe, kulikuwa na kazi. Anti Kultum mzima. Nilimpa na yeye saa kama yako, naye ameivua na kunirudishia, anasema haimfai jikoni.

Nimefurahi kusikia habari za mazoezi. Ila nakuomba, usiwatangazie watu hizo nyakati. Na Kocha msimtoe kwenye njia yake ya zamani, mzee amefundisha watu kwa muda miaka mingi na wamefika. Saa ni saa tu. Inaweza kupitiwa kama mtu.

Mvua huku nyingi. Msalimie mama yako.

Noordin


Kosele, 20 Oktoba 2024

Abti,

Assalaam alaykum. Barua yako ilikuwa fupi mpaka Mama akauliza kama unaumwa. Kama unaumwa sema. Huku Baba anatembea sasa bila fimbo.

Eti "saa inaweza kupitiwa". Umeongea kama Mulki! Nilikuwa nyumbani wikendi moja, nikatoka kukimbia, naye akanifuata na baiskeli, simu mfukoni, ile saa yake mkononi. Tuliporudi yangu inasema kumi na nane na nusu, yake inasema kumi na tano. Akaanza kelele, "Karim, hiyo yako inadanganya!" Nilicheka mpaka majirani wakatoka. Nikawaambia mbele yake yale uliyoniandikia, kwamba yake ni ya kupigia picha. Alilia kidogo, akakataa kula nami. Atazoea.

Kitu kingine. Wenzangu wanasema Jumatano walimwona mtu anayefanana na ile picha yako niliyowaonyesha, amebebwa na boda kwenye njia yetu, anakwenda polepole, anainama kuangalia namba pale mbele ya dereva. Nikawaambia mjomba wangu akifika Kosele atapita bila kunisalimia? Haiwezekani.

Risper amepungua mwili lakini nguvu zimezidi. Baba yake siku hizi anakuja kusimama kando ya njia Jumamosi, anajifanya anatafuta ng'ombe.

Abdikarim


Migori, 17 Novemba 2024

Abti wangu,

Waalaykum salaam. Siumwi. Barua hii nimeianza mara nne.

Nilitaka kukuambia kwamba siku ya mbio kutakuwa na vibao vya kilomita barabarani. Fuateni vibao. Watu walioviweka wamepima barabara kwa kazi yao. Hata saa ikisema vingine, wewe fuata vibao.

Ndiyo hayo tu. Mungu awape nguvu.

Noordin


Homa Bay, 10 Desemba 2024

Abti Noordin,

Assalaam alaykum. Nyumbani wazima. Niko kwa Mama. Simu nimerudishiwa lakini sijaiwasha, kwa sababu kuna video na najua watu wananitumia. Ndiyo maana bado naandika.

Sijui nianzie wapi, naona aibu hata kwa kalamu.

Tulianza vizuri, mimi mbele hatua mbili. Kibao cha kwanza kilisema tano, saa yangu ilikuwa imepita sita. Nilikumbuka ulivyoandika nifuate vibao. Lakini nilikumbuka zaidi barua yako ya kwanza, uliposema niiamini hiyo na nisiamini kingine chochote. Nikamwambia Risper vibao vimewekwa vibaya. Wasichana wengine walikuwa wametuacha mbali. Risper akasema, "Karim, niache niongeze, nina nguvu." Nikamkataza. Nikamwambia tuko kwenye dakika nne kamili kwa kila kilomita, hao wa mbele watakufa njiani. Alisema hivyo mara tatu, Abti. Mara tatu nikamkataza, na alinisikiliza.

Saa iliposema thelathini na nane nikamwambia sasa, zimebaki nne, toa kila kitu. Akatoa. Sijawahi kuona mtu akikimbia vile, nilibaki nyuma yake napiga kelele. Tukafika arobaini na mbili ya saa yangu kwa saa mbili na dakika arobaini na nane. Hakukuwa na utepe. Nilidhani uko baada ya kona, tukapita kona. Palikuwa na mama anachoma mahindi, na kibao kinachosema thelathini na nne.

Risper alikisoma kile kibao. Akanitazama. Halafu akakaa chini pale pale kando ya jiko la yule mama, miguu ikakataa. Watu walitoa simu. Gari la kuokota walioshindwa lilitubeba.

Mzee Barnabas aliona hiyo video kwa simu ya jirani. Amemtoa kambini siku hiyo hiyo. Anasema amelea mtoto anayekaa chini barabarani wenzake wakikimbia. Hamsemeshi. Kocha aliniambia neno moja tu: "Wewe ndiye ulikuwa na saa." Kambi imevunjika.

Nimefikiri sana. Lazima nilibonyeza kitu siku ya kwanza, nikaiharibu kwa kutojua. Ulinipa kitu kizuri nikakishika kishamba. Nisamehe, Abti. Watu hapa wanasema saa za Noordin ni mbovu, na ni mimi niliyekuletea hayo. Nimeaibisha jina lako.

Abdikarim


Migori, 8 Januari 2025

Abdikarim,

Waalaykum salaam. Sikuandika "Abti" hapo juu. Kwetu mjomba na mpwa wanaitana kwa neno hilo moja, na leo naona haya kujiweka sawa nawe.

Usiombe msamaha. Hukubonyeza chochote. Saa ni feki.

Nitakuambia yote, na ukitaka kuacha kusoma katikati, acha. Mwanzoni mwa Septemba nilimpa Anti Kultum moja ya mzigo ule ule. Alikuwa anapiga unga wa chapati za anjera kwa mkono, amesimama hapo hapo jikoni. Alipomaliza saa ilimwambia amekimbia kilomita mbili na robo. Alicheka sana. Mimi sikucheka. Niliivaa nikakaa kwenye kiti changu dukani, nikarusha mkono tu, na kilomita zikawa zinapanda. Ndani yake hakuna GPS. Inahesabu mkono unavyorushwa, basi. Nyamweya nilimpigia, simu haipatikani mpaka leo.

Nikajiambia labda yako ni nzima. Kwa hiyo mwezi wa kumi nilikuja Kosele. Wenzako hawakukosea, ni mimi. Nilipanda boda nikapita ile njia yenu ya Jumamosi mara mbili nikisoma namba za kilomita pale mbele ya dereva. Ni kilomita thelathini na moja. Mlikuwa mnafanya mazoezi upande wa pili wa shule, nilisikia sauti yako unawahesabia watu. Nikamwambia dereva ageuze.

Ungeniuliza kwa nini. Kwa sababu ya jina, Abdikarim. Mzigo ule nilikuwa nimeshauuza kwa watu, na kila mmoja nilimwapia ni original. Nikisema moja ni feki, zote ni feki, na mimi ni nani tena Migori? Nilisema nitangoja kidogo. Nikaandika ile barua ya vibao, nikajidanganya kwamba nimekuonya. Mtu anayeonya hutaja hatari. Mimi nilikuwa naosha mikono.

Ushauri niliokupa wa saa janja na saa ya michezo ulikuwa wa kweli, kila neno. Hilo ndilo linaniumiza. Ile ya Mulki, niliyoidharau, ndiyo iliyokuwa inasema kweli, na ulimliza kwa maneno yangu.

Saa zilizobaki nimezitoa. Wateja nawapigia mmoja mmoja. Sioni kama inatosha. Nifanye nini?

Noordin


Homa Bay, 20 Januari 2025

Mjomba,

Nyumbani wazima.

Barua yako niliisoma mara moja nikaiweka chini ya godoro. Mulki nilimwomba msamaha. Alisema "si nilikwambia," halafu akanikumbatia, na hapo ndipo nililia.

Nimekwenda Kosele, nikamsomea Risper barua yote. Tulikuwa shambani kwao, alikuwa anapanda maharage. Aliniomba nirudie pale unaposema ulisikia sauti yangu ukamwambia dereva ageuze. Nikarudia. Akaendelea kufukia mbegu.

Umeuliza ufanye nini. Nilimuuliza yeye. Hataki saa, hataki kitu chako. Anasema baba yake hatamwamini yeye, na mimi hataniamini, kwa sababu tulikuwa wote pale. Anataka uje umwambie Mzee Barnabas kwa mdomo wako kwamba hakukaa chini kwa uvivu. Uje mchana, watu wakiona.

Mimi siwezi kukuambia nimekusamehe. Bado. Nakuheshimu kwa sababu ya Mama.

Abdikarim


Migori, 9 Februari 2025

Abdikarim,

Assalaam alaykum. Anti Kultum mzima. Mama yako nimemwona hatimaye, nililala kwenu juzi nikitoka Kosele, wewe ulikuwa umeondoka asubuhi hiyo. Nadhani ulijua nakuja. Sikulaumu.

Nilifika kwa Mzee Barnabas saa nne asubuhi. Alinipokea vizuri mno. Hakujua mimi ni nani, alisikia tu kwamba ni mjomba wa yule kijana wa kambini, basi akatoa kiti, akaita chai. Halafu akamtuma mtu sokoni amtafute Mwislamu wa kuchinja kuku, ili mgeni apate kula kwa amani. Nikamwambia Mzee, ngoja, kuku asichinjwe kwanza. Akafikiri nakataa chakula chake, akasema hapana, lazima ule. Yule mchinjaji akafika. Nilikaa pale nasikia kuku anachinjwa kwa ajili yangu na neno bado sijalisema.

Nikamwambia hapo hapo, mchinjaji na majirani wawili wakisikia. Nilimwambia nilitoa saa mbovu, nilijua ni mbovu, nikanyamaza karibu miezi mitatu, na binti yake alikimbia mbio zake zote akiongozwa na uongo wangu. Nilimwambia siku ile hakukaa chini kwa uvivu, alikaa kwa sababu alikuwa ameshatoa kila kitu mahali alipoambiwa ndio mwisho.

Mzee aliweka kikombe chini. Aliinuka, akaenda mwenyewe shambani, akarudi amemshika Risper mkono. Mikono yake ilikuwa na udongo. Mzee alimwambia kitu kwa Kijaluo, maneno machache, nami sikuuliza maana. Risper aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Baadaye Mzee aliniambia kwa Kiswahili kwamba Jumatatu atampeleka kwa Motari mwenyewe, hata kama kambi ni wawili tu.

Ndipo Risper akanigeukia. Nilidhani sasa ndiyo sasa. Akaniuliza, "Siku ile nilipotaka kuongeza mwendo, mara tatu, ina maana nilikuwa sawa?"

Nikamwambia ulikuwa sawa. Mara zote tatu.

Akasema, "Nilianza kuuogopa mwili wangu, nikidhani unanidanganya." Kisha akasema asante. Asante kwa kuja kuniambia.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, Abdikarim, hata kwa kiboko. Kwa asante sikuwa nimejiandaa. Nililia mbele ya watu wale, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe, na kuku wao walipomleta mezani nilishindwa kumla.

Noordin